Siku ya Mwisho ya Makutano ya San Diego

Mji wa San Diego umo katika pembe ya kusini-magharibi ya Marekani, kando ya bahari ya Pasifiki, na mpaka wa Mexico hauko mbali nao. Kila mwaka, mwezi wa Julai, hukusanyika huko wapenzi wa vitabu vya katuni, yaani hadithi zisimuliwazo kwa picha zinazofuatana, pamoja na wapenzi wa sinema na michezo itokanayo na vitabu hivyo. Makutano hayo huitwa Comic-Con. Yalianza mwaka 1970 katika hoteli iitwayo U.S. Grant, na waliohudhuria mwezi wa Agosti mwaka huo walikuwa kiasi cha watu 300. Siku hizi huzidi 130,000, nao hukutana tangu Alhamisi hata Jumapili katika jengo kubwa la mikutano lililo ukingoni mwa ghuba. Juu ya jengo hilo yametandwa maturubai meupe yaliyovutwa mithili ya matanga, hata mtu wa Lamu au Unguja akiliona kwa mbali aweza kudhani majahazi yametia nanga.

Huenda ndugu msomaji akauliza: Mwalimu wa chuo ana haja gani na mahali kama hapo? Swali hilo ni la haki. Rafiki zangu wawili niliosoma nao chuoni Mombasa wamehamia mji huo miaka mingi, nao wakaa mtaa wa City Heights, wenye watu wengi waliotoka Usomali na Afrika ya Mashariki. Mmoja wao ana kijana wa miaka 16 ambaye hapendi jambo kama apendavyo kuchora. Baba mtu hapendezwi, tena hapendezwi kwa sababu mbili: kwanza ni zile hadithi za Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, zinazoonya wafanyao sura, na pili, kazi yenyewe haoni kama italisha mtu. Nilipomwandikia, miezi mingi kabla, kuwa nitapita kwao siku tatu mwezi wa Julai 2023, alinijibu: "Mwalimu, Jumapili tutakwenda naye huko aendako ukaone kwa macho yako, kisha umwambie aache. Wewe atakusikia." Akatuandikisha sote wanne mapema, kwani mlangoni hapauzwi tikiti. Mimi nilikubali kwenda. Kuhusu kumwambia aache, sikutoa ahadi.

Basi Jumapili hiyo, tarehe 23 Julai, zikiwa siku za mwanzo za Muharram 1445, tuliiacha gari kwenye kituo, tukapanda treni ya umeme mpaka mbele ya jengo. Milango ilifunguliwa saa tatu na nusu. Foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi, lakini hapakuwa na msukumano wala mtu kumruka mwenziwe. Nalikumbuka foleni zetu za kugawiwa biriani harusini, nikanyamaza.

Mle ndani, sitaficha, yako mambo ambayo Mwislamu hana budi kuinamisha macho. Wako waliovaa mavazi ya kujigeuza kuwa mashujaa wa hadithi, mengine yana stara kamili, mengine ni machache mno. Uko na ubadhirifu pia: nilimwona mtu mzima akilipia sanamu ndogo ya plastiki fedha ambazo kwetu zingetosha karo ya mtoto kwa muhula. Lakini Jumapili ni siku waliyoiweka kwa ajili ya watoto, na baba wengi walikuwa wamebeba watoto mabegani. Wenye vibanda nao walikuwa wakipunguza bei, kwani hakuna apendaye kurudi na mzigo.

Mwaka huo ulikuwa na jambo jingine. Waigizaji wa sinema wa Marekani walikuwa wamegoma tangu katikati ya Julai, na waandishi wao tangu Mei, kwa hiyo wale nyota wanaovuta maelfu hawakuja. Wengi walisikitika. Kijana wetu hakusikitika hata kidogo. "Ami," aliniambia, "mwaka huu wachoraji wamepata nafasi ya kutazamwa."

Adhuhuri huko huingia karibu na saa saba mchana. Tulitoka nyuma ya jengo, kwenye bustani iliyo kando ya ghuba, tukatandika koti la rafiki yangu. Kibla cha San Diego huelekea kaskazini, kikipinda kidogo mashariki. Yaani karibu sawa na chetu cha Mombasa, ijapokuwa wao wako ng'ambo ya pili ya dunia. Sababu ni kuwa dunia ni mviringo, na njia iliyo fupi kufika Makka kutoka huko hupitia juu, upande wa ncha ya kaskazini. Wenzangu walinitanguliza. Mimi kwa usafiri wangu nilisali rakaa mbili, nao wakasimama kutimiza zao. Kijana alisali nasi bila kuhimizwa, na hilo nililitia moyoni.

Tuliporudi alinionyesha kitabu cha Kamala Khan, msichana wa Kiislamu wa Jersey City, ambaye hadithi zake zilianza kutolewa peke yake mwaka 2014. Aliyeziandika, G. Willow Wilson, ni mwanamke Mwislamu, na kitabu kile kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Msichana yule ana wazazi wenye wasiwasi, ana sala, ana msikiti, ana kukatazwa kwenda karamu ya usiku. Rafiki yangu alikitazama begani mwangu, akasema, "Huyu baba ni mimi."

Lakini lililonishughulisha zaidi lilikuwa jingine. Kuna sehemu ya ukumbi wanayokaa wachoraji wenyewe mezani, kila mmoja na karatasi zake. Kijana alimwendea bibi mmoja mwenye mvi, akamsalimu kwa adabu, akamwomba aitazame michoro yake. Bibi akaifunua karatasi moja moja, wala hakumsifu upesi. Akamwambia: "Nyuso zako ni nzuri. Mikono yote umeificha: huyu ameitia mfukoni, huyu nyuma ya mgongo. Unaikimbia." Akachukua penseli, akamchorea mkono mmoja taratibu, akamwamuru aufuatishe. Akaukosoa. Akaufuta. Akamwambia tena.

Mimi nimekaa na watoto na mbao zao zaidi ya miaka 30. Namjua mtoto akosolewaye akanuna, na namjua akosolewaye akasogea karibu. Kijana alisogea karibu. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, mikono kifuani, akitazama.

Mhudumu mmoja mzee, wa wale wanaojitolea bila ujira, alitusimulia habari ya John Rogers, aliyekuwa rais wa makutano haya tangu 1986 hata alipofariki 2018. Kwa miaka mingi, alasiri ya Jumapili, alikuwa akikaa mbele ya ukumbi na kumsikiliza kila mwenye lalamiko: foleni, viti, walinzi, vyoo. Naye alijibu mmoja mmoja. Laiti kamati zetu za misikiti zingejaribu hilo mara moja tu kwa mwaka!

Ilipotimu saa kumi na moja jioni sauti ilitangaza kuwa makutano yamekwisha. Watu wakapiga makofi, na papo hapo vibanda vikaanza kuvunjwa. Kijana alikimbia kumsaidia yule bibi kubeba masanduku yake.

Rafiki yangu akanigeukia, "Haya Mwalimu, wasemaje?"

Nilimwambia kuwa wanazuoni wamekhitilafiana katika picha zisizo na kivuli: wengi wa madhehebu yetu ya Shafii ni wakali, na wengi wa Kimaliki huziona makuruhu tu. Yeye ndiye baba, na ana haki ya kushika lililo zito. Bali asimwambie kijana kwamba ni mvivu, kwa maana tumeshuhudia kuwa si mvivu. Na akimruhusu, amwekee sharti: sala, masomo ya shule, na asichore la aibu.

Hakunijibu. Tulipanda treni, tukaketi wanne tukitazamana. Vituo viwili vikapita. Kisha akamwuliza mwanawe, "Kumbe mikono ni migumu hivyo kuchora?"

"Migumu sana, Baba."

Rafiki yangu ameendesha lori miaka 20, na mkono wake una kovu kutoka kidole gumba hadi kifundoni. Akauweka juu ya goti lake, chini ya taa. Kijana akatoa penseli, naye hakuuondoa mkono ule mpaka tukafika kituo tulichoacha gari.