Jarife la Mjomba

Kila Julai simu yangu hujaa nyangumi. Mtu yuko kwenye boti Watamu, nyangumi anaruka, watu wanapiga mayowe, na hapo chini emoji za moyo hazihesabiki. Mimi pia huzitazama video hizo mara mbili mbili. Lakini nina mjomba anayevua huko huko, na yeye akiona ule mgongo mweusi hatoi simu. Anaangalia maboya yake yako wapi.

Nyangumi wa nundu hutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na huku Kenya huonekana sana kati ya Julai na Septemba. Anaweza kufika mita 15 na tani 30. Mama mwenye ndama hupenda kukaa karibu na pwani, na huko ndiko mjomba anakotega jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa jioni na kuachwa usiku kucha.

Marafiki wangu wa Nairobi huuliza kama nyangumi anawamalizia wavuvi samaki. Wapi! Chakula chake ni viumbe vidogo kama uduvi, na viko kule kwenye baridi. Akiwa huku anaishi kwa mafuta ya mwili wake, hali karibu chochote. Ugomvi wote ni wa wavu.

Mwaka juzi maboya matatu ya mjomba yaliondoka. "Nikadhani ni mkondo," alinieleza, "mpaka nikaona yanakwenda kinyume na upepo." Vipande viwili vya jarife vikaenda hivyo. Na jarife lenyewe si lake. Tajiri ndiye aliyelinunua. Mjomba analilipa kwa samaki, tena kwa bei anayoitaka tajiri. Muhula uliofuata binamu yangu alirudishwa nyumbani, karo haijalipwa.

Basi nikaisoma Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Jinsi ilivyoandikwa mwaka huo, nyangumi alikuwemo kwenye orodha ya wanyama ambao fidia yao ingelipwa wakiua au kujeruhi mtu. Kwenye orodha ya uharibifu wa mazao, mifugo na mali, hakuwemo. Yaani kwa maandishi hayo, nyangumi angemuua mjomba, sisi tungeweza kudai. Akiondoka na jarife, pole.

Simchukii nyangumi. Kuwinda aina hii kusini mwa dunia kulipigwa marufuku mwaka 1963, walipokuwa karibu kwisha, na kuwaona wakirudi ni furaha. Wavu nao huwaua: wanapumua hewa kama sisi, na ndama akinaswa chini hana muda. Kinachonikera ni hesabu. Mtalii anapata video, mwenye boti analipwa, hoteli inajaa. Wavu ukikatika, deni ni la mtu mmoja.

Juzi mjomba alinipigia. Alitaka kujua kama hao wenye boti huandika mahali walipowaona nyangumi, na kama kuna anayeweza kumtumia meseji kabla ya saa kumi jioni, kabla hajatega. Simu yake ni ya kabambe, nikamwambia meseji ya kawaida inatosha. Namba yake nimempa nahodha mmoja. Alisema ataangalia.