Kwa nini viatu vya mgongo havijafika Lushoto

Najua nimekaa kimya, zamu za usiku zimenibana. Ila leo lazima niandike, maana nasikia huko nyumbani kesi yangu imeshahukumiwa: eti niko Uingereza, nalipwa paundi, halafu mama mzazi kaniomba jozi moja tu ya viatu vya mgongo nimemnyima. Ngojeni nijitetee.

Kwa wasiovijua, ni viatu vya soli nene iliyobinuka kwa chini kama mtumbwi. Ukisimama unayumba kidogo, na wauzaji wanasema kule kuyumba kunaamsha misuli ya mgongo. Unavaa saa chache kila siku ukiwa nyumbani kwako, basi, umepona! Vilivyovuma zaidi ni MBT, vilivyoanzishwa mwaka 1996 na mhandisi wa Uswisi, Karl Müller. Na hiyo M ni ya Masai, jamani! Wanasema wazo lilitokana na mwendo wa Wamasai. Nikikumbuka Wamasai wa stendi ya Mombo na katambuga zao za tairi, soli bapa kabisa, nacheka peke yangu.

Sasa sikilizeni. Mimi mwenyewe nimevivaa. Mwaka wangu wa kwanza wodini mgongo ulinikamata, kazi ya kugeuza wagonjwa si mchezo. Nikatoa zaidi ya paundi mia moja nikanunua vya aina hiyo, kampuni siitaji. Miezi mitatu mgongo uko vilevile, na siku moja nikateguka kifundo cha mguu kwenye ngazi. Mimi huyu wa miaka thelathini na kitu! Je, Mama, kwenye kile kinjia chetu cha mawe?

Baadaye ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutoa hela: nikasoma. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa huku Uingereza wa watu 115 wenye maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa soli iliyobinuka, wengine soli bapa, wavae angalau saa mbili kwa siku wakiwa wamesimama au wanatembea. Wote walifundishwa mazoezi pia. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, lakini soli iliyobinuka haikuishinda soli bapa. Tena wale ambao maumivu huwazidi wakisimama au kutembea, soli bapa ndiyo iliyowafaa zaidi. Na mwaka 2016 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huku, ikaandika wazi kwamba viatu hivyo visitolewe kwa maumivu ya kiuno. Inachoshauri ni mazoezi na mtu kuendelea na shughuli zake.

Kwa hiyo sikumnyima Mama. Nimetuma raba za kawaida, soli bapa, zinazoshika mguu vizuri. Pamoja nazo kuna maagizo: atembee dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kila wiki aongeze kidogo. Asilale kitandani mchana kutwa, mgongo haupendi kulazwa. Ndoo ya maji ajaze nusu.

Ila mkimsikia anasema miguu inakosa nguvu, ganzi sehemu za siri, haja inamponyoka au mkojo umegoma, msisubiri kunipigia simu. Hospitali siku hiyohiyo. Kama ana homa au anakonda bila sababu, napo apelekwe akapimwe.

Mama, shikamoo. Najua ulitaka kuwaonyesha wenzako viatu alivyotuma mwanao. Kutuma viatu ni rahisi, ningelipia leo vikafika. Kinachoniuma ni kwamba unachohitaji ni mtu wa kutembea naye, na mimi ndiye niliye mbali.

Basi wewe unayesoma hapa uko Lushoto, badala ya kunisema, pita nyumbani saa kumi na moja jioni. Mwambie Mama avae raba zake, mtembee mpaka kwenye mkaratusi na kurudi. Chai atakupa.

Tutaonana wiki ijayo, zamu inaniita.