Visiwa Viwili, Kitenzi Kimoja

Asomaye Kiingereza kilichoandikwa kwa uangalifu hukuta "Trinidad and Tobago is", si "are". Majina ni mawili, yameungwa kwa "and", na kanuni ya kawaida ingedai wingi. Lakini hapo kitenzi hakihesabu visiwa, huhesabu dola. Waingereza waliviunganisha visiwa hivyo kuwa koloni moja mwaka 1889, navyo vikapata uhuru pamoja mwaka 1962. Likitajwa taifa, huja "is". Vikitajwa visiwa vyenyewe, kwa milima na fukwe zake, "are" hurudi mahali pake.

Mfasiri naye hana pa kujificha. Aandike "Trinidad na Tobago ina", au "zina"? Herufi moja yatosha kuvitenganisha.

Wala si mchezo wa herufi. Mwaka 1998 watu wa Nevis walipiga kura kuamua kama watajitenga na Saint Kitts. Waliotaka kutoka walikuwa wengi, ila hawakufikia theluthi mbili zilizotakiwa na katiba. "Saint Kitts and Nevis is" ikasalia vitabuni, ilhali wengi wa Nevis walikwisha kuchagua "are".

Wasomaji wa pwani si wageni wa jambo hili. Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana kuwa jamhuri moja yenye majina yote mawili; kabla ya mwaka kwisha likaja jina Tanzania, na swali la kitenzi likakoma.

Sarufi huiita hali hiyo umoja. Ndilo neno lile lile watu walitumialo kwa mapatano yao, nayo mapatano hayatunzwi na kitenzi.