Ngao ya Mgiriki, Ngao ya Mngoni

Huku Uingereza kuna watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao ikifika Jumapili hupakia ngao, mikuki na chapeo za shaba kwenye gari na kwenda uwanjani kuwa askari wa Ugiriki ya kale. Si waigizaji wa filamu. Ni mafundi umeme, walimu, wauguzi, watu wa kompyuta na wastaafu, wanaume kwa wanawake. Wanajiita mahopliti, kwa jina la askari wa miguu wa miji ya Wagiriki, yule raia aliyejinunulia silaha zake mwenyewe na kusimama mstarini bega kwa bega na jirani yake. Hapa kuna Hoplite Association, Ugiriki kwenyewe kuna Koryvantes, na Amerika ya Kaskazini nako vikundi vipo. Mwaka 2011 baadhi yao walikutana Marathon kuadhimisha miaka 2,500 ya vita vya mwaka 490 KK, pale Waathene walipowashinda Waajemi.

Mimi ni mtu wa Songea. Nimefanya nao mazoezi misimu kadhaa sasa, na kila nikivaa vifaa vyao mawazo yanarudi kwenye ngao za ngozi za wazee wetu. Yapo mambo wanayoyafanya vizuri kuliko sisi, na yapo tuliyo nayo ambayo wao hawatayapata hata wakiyatafuta maisha yao yote.

Nianze na ngao yao, maana humo ndimo nilimoanza kuwaelewa. Ina upana wa karibu sentimita 90 na uzito wa kilo 7 hivi. Imechongwa kwa mbao nyepesi na kubonyea ndani kama bakuli, ili ukingo wake uweze kuegemea begani mkono ukichoka. Huishiki kwa kiganja peke yake. Mkono unapita kwenye pingu ya shaba iliyo katikati mpaka karibu na kiwiko, kisha vidole vinakamata kamba iliyo ukingoni. Kwa kuwa pingu iko katikati, nusu ya ngao inatokeza upande wako wa kushoto, hewani. Hiyo nusu si yako. Ni ya mwenzako aliye kushoto, kama wewe unavyojificha kwenye nusu ya ngao ya aliye kulia kwako.

Mwanahistoria wa Kigiriki Thucydides, akisimulia vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, aliandika kwamba majeshi yote yakisonga mbele huhama kidogokidogo kwenda kulia, kwa sababu kila mtu anaogopa kuacha ubavu wake wazi na anajibanza kwenye ngao ya jirani. Nilikuwa nimesoma hayo na kuyapita. Siku tulipopanga safu na kuambiwa tutembee moja kwa moja kuelekea miti iliyokuwa mbele, hatukufika nusu ya uwanja kabla safu nzima haijahama. Hakuna aliyeamrishwa, hakuna aliyekusudia. Ni mabega tu yaliyokuwa yakitafuta kinga. Jambo lililoandikwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita lilikuwa likitokea kwenye miili ya watu wanaokwenda kazini Jumatatu.

Chapeo nayo ina somo lake. Ile ya Korintho, inayofunika uso wote na kuacha macho na mdomo, inaziba masikio. Ukiivaa, amri ya kamanda inakufikia kama mvumo, na wa pembeni humwoni kabisa. Ndipo unapofahamu kwa nini kwenye mtungi wa Chigi, uliochorwa karne ya 7 KK na sasa uko katika makumbusho ya Villa Giulia mjini Rome, mpiga filimbi amechorwa akitembea pamoja na askari. Hatua zao zilihitaji mdundo. Mtu aliyekulia penye ngoma hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kinachonivutia zaidi kwa watu hawa ni ubishi wao. Hakuna deraya ya kitani ya Wagiriki iliyobaki ikiwa nzima, zipo picha tu kwenye vyungu na maneno ya waandishi. Je, matabaka ya kitani yaligandishwa kwa gundi au yalishonwa? Profesa Gregory Aldrete wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay na wanafunzi wake walitengeneza deraya za gundi, wakazipiga mishale kuona zinakinga kiasi gani, wakatoa kitabu mwaka 2013. Wengine hawakuridhika, wanasema kushona ndiko kunakoingia akilini. Ubishi mwingine ni wa mbio. Mwanahistoria Herodotus aliandika kwamba kule Marathon Waathene waliwakimbilia Waajemi mwendo wa stadi nane, karibu kilomita moja na nusu. Miaka ya 1970, wasomi Walter Donlan na James Thompson waliwakimbiza wanafunzi wa chuo nchini Marekani wakiwa na mzigo wa uzito kama huo, ngao kifuani, wakaona haiwezekani kukimbia umbali wote huo na kufika ukiwa na nguvu za kupigana. Baadaye mwanahistoria Peter Krentz akaja na hoja kwamba uzito wa silaha ulikuwa umekadiriwa kupita kiasi. Kwenye kikundi chetu ugomvi huo bado mbichi, unaendelea kila tunapokunywa chai.

Swali linalosikika kila mara uwanjani ni hili: umelitoa wapi? Ukija na mshipi mpya, utaulizwa umeuona kwenye chungu gani, cha karne gani, kiko makumbusho yapi. Rangi ya kanzu utaulizwa. Namna unavyoshika mkuki, juu ya bega au chini ya kwapa, utaulizwa, kisha mtajaribu zote mbili, na aliye nyuma yako atakuambia ncha ya kitako cha mkuki wako ilimpita wapi. Wanauliza hivyo kwa sababu hawana mzee wa kumwendea. Hata Mgiriki wa leo hakufundishwa na babu yake kubeba ngao ile. Mnyororo ulikatika zamani sana, na kila pete lazima waifue upya.

Sisi mnyororo wetu haujakatika. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika katika machafuko ya zama za Shaka wa Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vyao vikafika mpaka Songea na mbinu za kusini: mkuki mfupi wa kuchoma, ngao ya ngozi ya ng'ombe, vikosi vilivyopangwa kwa rika. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Wazee huvaa ngozi, hushika mikuki, ngoma za vita hupigwa. Pale hakuna anayeuliza umelitoa wapi, kwa kuwa jibu limesimama mbele yako na mvi zake. Amelitoa kwa baba yake.

Hapo ndipo uzuri wetu ulipo, na ndipo ninapoanza kuogopa.

Nilimpigia simu mjomba wangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za baridi?"

Nikamwambia ninachotaka: ngao inatengenezwaje, mwanzo mpaka mwisho. Akacheka kwa furaha, nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaeleza jinsi ngozi mbichi inavyowambwa chini kwa vigingi, inavyokatwa ingali na unyevu kidogo, matundu yanavyotobolewa kwa safu mbili katikati na ukanda wa ngozi ya rangi nyingine kupitishwa humo, ndipo fimbo inaposimamishwa nyuma na kushikwa na ukanda uleule. Nikamwuliza ina uzito gani. Hakujua, hajawahi kuipima. Nikauliza nani anaitengeneza siku hizi. Akamtaja mzee mmoja, akasema macho yake hayaoni vizuri. Za kuchezea sikukuu, akasema, vijana wanakata ubao mwembamba na kuupaka rangi.

Kwa hiyo huku mtu asiye mrithi anajua uzito wa ngao mpaka gramu, na kule mrithi anayo yote kichwani lakini hayajaandikwa popote.

Ipo sababu nyingine ya tofauti hii, na lazima niitendee haki. Marathon hakuna anayelia. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kuanzia 1905 hadi 1907, viliua watu ambao baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, kinasemekana kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha. Nani basi ataitisha watu wa kujitolea kuanguka mbele ya bunduki za rashasha, kama walivyoanguka wapiganaji waliovamia boma la Mahenge Agosti 1905, huku watazamaji wamekaa na soda zao? Na nani atakubali kuwa askari wa Mjerumani, wakati wengi wa askari wale walikuwa Waafrika wenzetu? Sitaki igizo kama hilo, na ningekuwa wa kwanza kulipinga.

Tena huku nako wanachagua cha kukumbuka. Herodotus anasema kwenye vita vya Plataia, mwaka 479 KK, Wasparta 5,000 walifuatana na maheloti 35,000, watwana saba kwa kila mmoja. Nimewaona Wasparta wengi wa kuigiza, wenye majoho mekundu na nywele ndefu. Heloti sijamwona hata mmoja. Wapo pia wanaoitaka Sparta kwa nia mbaya: chama cha siasa za kibaguzi cha Golden Dawn cha Ugiriki kilikuwa kikifanya mikutano yake Thermopylae, chini ya sanamu ya Leonidas, mfalme wa Sparta. Kikundi chetu kinakataza siasa hizo waziwazi. Mtazamaji mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ni Mhabeshi wa jeshi la Xerxes, mfalme wa Waajemi. Ni kweli Herodotus amewataja, wamevaa ngozi za chui na simba, nusu ya mwili chokaa na nusu nyekundu. Kiongozi wetu akamjibu kabla yangu kwamba mimi ni hopliti, niko safu ya pili, mkono wa kulia. Nililipenda jibu hilo.

Wanaosema mchezo wa namna hii ni wa Wazungu, waende Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Kwenye Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa mikungu na vigogo vya migomba mpaka jasho liwatoke, wanawake wakiimba, kisha kinyongo cha mwaka mzima kimekwisha na watu wanakula pamoja. Au wawakumbuke watu wa ngoma ya beni. Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, vijana walishona sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakatembea gwaride kwa tarumbeta, vikundi kama Marini na Arinoti vikishindana. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1975. Michango, sare, vyeo, ushindani na chakula cha pamoja: nikikaa na mahopliti wangu baada ya mazoezi, naona beni tupu.

Na kuuliza pia tunakujua. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam waliingia vijijini kukusanya simulizi za Majimaji kwa wazee, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alitumia miaka kwenye kazi hiyo. Bila wao tungekuwa tunasoma vita vyetu kwenye ripoti za magavana tu.

Kinachobaki ni kuuliza kwa mikono na miguu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa mtawala wao Mkwawa walitoka vichakani wakiwa na mikuki na kuliangamiza jeshi la kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski kwa muda mfupi, yeye mwenyewe akiwamo. Tunalisema hili shuleni kwa fahari, halafu tunanyamaza. Walijificha umbali gani kutoka njiani? Kijana wa Iringa mwenye ngao na mikuki anakimbia hatua ngapi kabla askari hajateremsha bunduki begani na kulenga? Mnara wa Lugalo upo, mahali panajulikana, na vijana wa kukimbia Iringa haijawahi kupungukiwa nao. Donlan na Thompson walihitaji wanafunzi, mzigo na saa. Shule yoyote ya sekondari mkoani inavyo hivyo vitatu, na hapo hakuna haja ya mtu kuigiza kifo cha mtu.

Nawaomba wenzangu mlio nje, hasa wenye asili ya Songea, Iringa na kwingineko ambako ngao zilibebwa: mwezi huu piga simu. Muulize babu, bibi au mjomba ngozi ni ya mnyama gani, inakaushwa siku ngapi, mkono gani unashika nini, na nani alimfundisha. Ukienda likizo, chukua rula na mizani, piga picha mbele na nyuma, andika jina la fundi na la kijiji chake, kisha nakala moja mpe yeye na nyingine ipeleke makumbusho ya mkoa. Mimi nimemwomba mjomba amzuie yule mzee asitengeneze ngao nyingine mpaka nifike Februari, na ng'ombe nimeshamlipia.