Saa Mbili Zisizokatika

Tukiulizwa tunasomea nini, nasi tukajibu kwamba tunasomea kuhesabu, watu hucheka. Bi mkubwa mmoja katika ukoo wetu alituuliza kwa upole kama hatukufundishwa moja, mbili, tatu tulipokuwa wadogo, hata ikabidi turudi chuoni tukiwa na watoto mikononi. Swali lake lastahili jibu. Jibu letu ndilo hili, pamoja na ombi moja kwa kila nyumba yenye binti, mke au mkwe aliyeshika njia kama yetu.

Sisi ni walimu wa hisabati wa shule za sekondari hapa Mombasa. Tulijiandikisha wanne katika shahada ya uzamili, na tawi tulilolichagua huitwa kombinatoriki ya kuhesabu. Kazi yake ni kujibu swali la "ni ngapi?" pale ambapo vitu ni vingi mno kuorodheshwa, au pale ambapo vyaweza kuorodheshwa lakini orodha yenyewe haisemi kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayolitenga darasa la juu na la chini.

Tuchukue mfano wa muuza mahamri. Amefungua asubuhi, hana chenji hata shilingi moja. Wateja sita wamepanga foleni, na kila mmoja anataka mahamri ya shilingi 50. Watatu wameshika noti za 50, watatu noti za 100. Akitangulia mwenye noti ya 100, biashara imekwama. Je, noti hizo zaweza kupangika kwa njia ngapi katika foleni, na katika njia hizo ni ngapi ambazo muuzaji hatakwama hata mara moja?

Mtoto wa shule ya msingi mwenye subira ataziandika njia zote 20, kisha ataona kwamba zilizo salama ni 5. Hilo si somo letu. Somo letu laanza hapa: ichukue foleni yoyote inayokwama, umtafute mteja wa kwanza aliyekosa chenji. Wote walio nyuma yake wabadilishie noti; mwenye 50 apewe 100, na mwenye 100 apewe 50. Utapata foleni yenye noti 2 za 50 na noti 4 za 100. Foleni ya namna hiyo lazima ikwame mahali, kwa kuwa noti za 100 zimezidi. Na ukibadilisha tena kuanzia nyuma ya yule anayekwama kwanza, utairudia foleni uliyotoka nayo. Kwa hiyo kila foleni mbovu ina pacha wake mmoja, wala hakuna pacha aliyebaki pweke. Kuwahesabu mapacha hao ni rahisi, maana ni kuchagua tu mahali pa noti 2 za 50 kati ya nafasi 6, na jawabu ni 15. Toa 15 katika 20, zabaki 5. Foleni mbovu zenyewe hatukuzigusa. Tulihesabu mapacha wao.

Wateja wakiwa kumi, watano kwa watano, njia zote ni 252 na zilizo salama ni 42. Hakuna aliye na haja ya kuandika foleni hata moja kulijua hilo. Usiku ule tulipoielewa hoja hii barabara, mmoja wetu alisimama akazunguka meza mara mbili, na watoto wakadhani kuna habari za arusi.

Namba hizo, yaani 1, 2, 5, 14, 42, 132 na kuendelea, zaitwa namba za Catalan, kwa jina la mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19. Zinajitokeza mahali ambapo mtu hakuzitarajia. Profesa Richard Stanley wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha kitabu mwaka 2015 akikusanya aina 214 za vitu vinavyohesabiwa na namba hizi hizi. Vitabu vyake viwili vya awali, cha 1986 na cha 1999, ndivyo tunavyovisoma. Maswali yake ameyapa daraja, kuanzia 1 ambayo ni mepesi, hadi 5 ambayo hakuna aliyekwisha kuyatatua. (Tahadhari: mepesi kwake yeye.)

Wako wanaodhani elimu hii ni ngeni kwetu. Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, wanajulikana sana yeye na elimu yake ya aruzi, yaani vipimo vya mashairi. Lakini alipotunga kamusi yake, Kitab al-Ayn, alitaka kuyazingira maneno yote ya Kiarabu pasi na kuliacha hata moja. Hakungoja ayasikie kwa watu. Alihesabu kwanza: herufi mbili hupangika kwa njia 2, tatu kwa njia 6, nne kwa njia 24, tano kwa njia 120. Kisha kila mpangilio akauuliza kama Waarabu wanautumia au wameuacha. Ndipo utaona kwamba hesabu ilitangulia kamusi.

Baadaye, mjini Marrakesh, alikuwapo Ibn Mun'im, aliyefariki mwaka 1228. Yeye aliuliza kuhusu vishada vya hariri: ukiwa na rangi kumi za nyuzi, waweza kutengeneza vishada vingapi vya rangi tatu? Jibu ni 120. Mwenzetu ashonaye kofia za mkono alilipata kabla yetu, tena bila fomula. Alisema: iangalie rangi moja, tuseme nyekundu. Ama imo katika kishada, ama haimo. Ikiwamo, zimebaki rangi mbili za kuchagua katika tisa, nazo ni njia 36. Isipokuwamo, chagua tatu katika tisa, nazo ni njia 84. Jumlisha.

Sasa ombi. Elimu hii haina gharama ya maabara. Yataka kalamu, karatasi, na saa mbili zisizokatika. Uthibitisho hubebwa kichwani kama ndoo ya maji isiyo na kata. Aliyeubeba akiguswa bega, maji hayamwagiki kidogo, humwagika yote, naye hana budi kurudi kisimani. Na wasomaji wetu wajua saa za mwanamke nyumbani zilivyo. Mlango wabishwa, sufuria yafoka, mtoto ataka kalamu, simu yalia, mgeni aingia. Saa mbili zilizokatwa vipande vya dakika kumi kumi, katika kazi hii, si saa mbili. Si hata nusu saa.

Mwenzetu wa nne aliacha katika muhula wa pili. Hakuacha kwa kukosa karo. Nyumba yake ililipa kwa moyo mkunjufu. Wala hakuacha kwa kushindwa, maana katika kutafuta pacha wa foleni yeye ndiye aliyekuwa hodari kutuzidi. Alikosa saa. Hatumlaumu mtu, kwa sababu nyumba ile ina mgonjwa wa kitandani na mume wa kazi za zamu, na mikono ni michache.

Kuhusu swali la kama shahada hii italisha, tuseme ukweli: itaongeza kidogo katika mshahara wa mwalimu, na huenda isiongeze. Anayeandika programu za kompyuta huihitaji elimu hii ili ajue programu yake itapiga hatua ngapi kabla ya kutoa jibu, lakini hatukuiendea kwa ajili hiyo. Na la kwamba binti akizidi kusoma haposwi, hilo tumelisikia tangu kidato cha nne.

Sisi watatu tumebaki kwa sababu ya mipango midogo ya nyumbani. Mavyaa wa mmoja wetu huwachukua wajukuu kila Jumamosi tangu Adhuhuri hadi Alasiri. Mume wa wa pili hupika Jumatano, na wali wake tumeuzoea. Wa tatu huamka saa tisa za usiku, nyumba ikiwa kimya, na nduguye wa kiume ndiye awapelekaye watoto shule ili apate kulala kidogo asubuhi. Nyumba ikiwa haina wa kupika wala wa kuchukua wajukuu, hata mlango uliofungwa na neno "ngojeni kidogo, mama yenu anasoma" lasaidia.

Mwenzetu amekwisha kuandika barua ya kuomba kurejea. Jirani wawili wamejitolea kukaa na mgonjwa Jumanne na Alhamisi. Jibu la chuo halijatoka, nasi tumemwekea maswali ya sura ya kwanza, kuanzia yale ya daraja la 2.