Usingoje Cheti Ndipo Umfundishe

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana maneno ya simu hupotea na haya nataka uyaweke, babake mtoto naye ayasome.

Wasema mtoto ametimiza miaka mitatu, na maneno machache aliyokuwa nayo yameondoka. Ukimwita hageuki. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Akitaka chochote hukushika mkono akakupeleka hadi kwenye rafu. Hukaa na kifuniko cha sufuria akikizungusha mpaka usingizi umchukue. Watu wameshakutajia usonji, nawe wauliza kama ungoje daktari athibitishe ndipo uanze kumfundisha. Usingoje. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Kumpata daktari bingwa kwaweza kuchukua miezi, na mtoto anakua miezi hiyo yote. Ithibitishwe kuwa ni usonji au isithibitishwe, asiyesema anahitaji njia ya kusema leo.

Ila la kwanza ni masikio. Wasema si kiziwi kwa kuwa spika ya msikiti ikianza yeye huyaziba. Hilo halitoshi. Mtoto aweza kusikia kishindo na asisikie vyema sauti za maneno, hasa kama amewahi kutokwa na usaha. Mpeleke kliniki ya masikio katika hospitali ya kaunti, useme wazi kwamba wataka apimwe usikivu, si kumulikwa na tochi tu. Waeleze pia ikiwa hukodoa macho ghafla asiitike, au hushtukashtuka, kwa sababu kifafa huwapata watoto wengi wenye usonji, na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Yule anayekuuzia matone ya kusafisha ubongo anakula nauli yako ya kliniki.

Kisha nenda kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kile watu hukiita EARC. Vituo hivi vipo Kenya tangu 1984. Watamwangalia mtoto anavyocheza, watakuuliza maswali mengi, halafu watakuandikia ni shule ipi au kitengo kipi kinachomfaa. Barua hiyo itunze. Mwalimu mkuu aliyekwambia shule yake haipokei watoto kama hao hana haki ya kukufukuza hivyo: kipo kifungu cha 54 cha Katiba, na ipo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Usigombane naye. Rudi na barua mkononi, na babake mtoto ubavuni.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo penye kazi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua, na hawadai mtoto awe na cheti cha daktari. Msingi wake ni kwamba mzazi hufundisha ndani ya michezo na shughuli za kila siku. Basi anza na kile kifuniko. Usimnyang'anye. Keti sakafuni mkabala naye, uchukue kifuniko chako nawe ukizungushe. Akikutazama hata kwa pembe ya jicho, sema neno moja, "zunguka". Kisha kishike kile chako kisizunguke, ungoje. Wazazi wengi hushindwa hapo, kwenye kungoja. Wakiona kimya hukijaza maneno. Hesabu moyoni mpaka kumi. Akiusukuma mkono wako, ameshasema, nawe mjibu papo hapo: "Zunguka!" Dakika tano asubuhi na tano kabla ya kuoga zatosha kuanzia.

Halafu maji. Kipige picha kikombe chake mwenyewe, si kikombe cha kwenye mtandao, uichapishe, uibandike kwenye kadibodi na kuifunika kwa selotepu. Jagi liweke anapoliona asipolifikia. Wewe kaa mbele yake, babake akae nyuma. Mtoto akilinyooshea jagi mkono, babake, bila kusema neno, amwongoze mkono huo aiokote picha na kuiweka kiganjani mwako. Picha ikigusa kiganja, useme "maji" na maji yatoke mara moja. Siku zikienda, babake apunguze kumshika mpaka mtoto afanye peke yake. Njia hii waliibuni Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, na nguvu yake naiona kwa huyo mtu wa nyuma. Kwa msaada wake mtoto hujifunza kumwendea mtu na haja yake, badala ya kungoja aulizwe "wataka nini?". Wapo watakaokwambia picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazimzuii. Wako wanaopata maneno wakiwa bado wanazitumia, na asiyeyapata ana njia ya kuomba.

Vurumai ya asubuhi nayo usiipige fimbo. Zipange picha ukutani kwa mfuatano: nguo, chai, viatu, tuktuk. Kila jambo likiisha, aitoe picha yake mwenyewe. Akijua linalofuata, hofu hupungua, na kilio nacho.

Mavyaa wako anasema ni pepo, au jicho la mtu, au ulikuwa ukitazama simu ukinyonyesha. Usimvunjie heshima, na usibebe mzigo huo. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu hapa kwetu Pwani, wakachapisha mwaka 2015, waliyasikia hayo ya mapepo na laana. Na lawama kwa mama si ya waganga peke yao. Tangu Leo Kanner aieleze hali hii kule Baltimore mwaka 1943, wapo madaktari wa Ulaya na Marekani waliosema kwa miaka mingi kwamba huletwa na mama asiye na mapenzi, mpaka Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alipoipinga hoja hiyo kwa kitabu mwaka 1964. Dua msomee, nami namwombea kila swala. Kipimo pia mpeleke.

Na mdogo wake apate sindano ya surua ya miezi 9, kisha ya miezi 18. Ile makala ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa na jarida lenyewe, *The Lancet*, mwaka 2010. Surua huua watoto, mwanangu.

Ukishapewa tarehe ya masikio nijulishe, nije siku moja kabla nikae na huyo mdogo. Picha ya kikombe mtumie binamu yako, ana printa dukani. Mavyaa wako mfikishie salamu zangu.

Shangazi yako