Mama, unisomee kwanza



Mwaka jana, jioni moja ya siku ya tano, binti yangu wa miaka 16 alinifuata jikoni, telefone mkononi. Nilikuwa nasonga bukari. Alikuwa ametengeneza mialiko ya arusi ya jirani yetu, kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Akaniambia: «Mama, unisomee kwanza.» Nikamjibu bila kugeuka: «Mambo ya mashini mimi siyajui. Uliza mjomba wako.» Mjomba wake, ni mdogo wangu anayeishi nasi hapa Katuba, alikuwa chumbani, kaske masikioni, anatengeneza muziki. Hakusikia kitu.

Siku zilizofuata mialiko 150 ikatoka kwenye nyumba ya kupiga chapa. Mahali pa tarehe 21 paliandikwa 12. Mama wa bibi arusi akaja kwetu na katoni mikononi. Hakupiga kelele. Aliiweka juu ya meza, akaniuliza: «Mwalimu, nyumbani mwako hakuna mtu anayejua kusoma?»

Nililipa mialiko ipigwe chapa upya. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika juma lile lile, na feza niliyowekea mabati ya nyumba ikaishia kwenye karatasi. Lakini lile ulizo liliniuma kupita feza. Kila siku nasahihisha imla ya watoto hamsini kwa biki nyekundu, na kazi ya mtoto wangu mwenyewe sikuipa dakika mbili, kwa sababu ilikuwa ndani ya telefone.

Tangu siku ile nimekaa karibu nao wote wawili, binti kwa kazi yake ya kupanga picha na maandishi, mdogo wangu kwa muziki wake. Nimeona kwamba kazi hizi ni kama zile tunazozijua. Mshonaji anapima mbele ya kukata. Mama wa soko anahesabu mbele ya kufunga mzigo. Vijana wetu wanajua kubonyeza, lakini utaratibu wa kazi wanaupata kwetu. Haya ndiyo tunayofuata nyumbani, na ninawapa ninyi pia.

Kwanza, tusikimbilie kununua mashini kubwa. Mtoto aanze na telefone au mashini ya zamani iliyoko. Kuna programu za bure kabisa: Inkscape na GIMP kwa kuchora na kupanga picha, Audacity kwa kurekodi sauti, LMMS kwa kutunga muziki. Zote zinawekwa kwenye ordinateri mara moja, kisha zinafanya kazi bila intaneti, na mega zetu hazimalizwi. Mtoto akifanya kazi kumi na kuzimaliza zote, hapo ndipo tuzungumze juu ya mashini mpya. Wazee wetu wanakumbuka Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na dunia ikamjua kwa gitaa moja na sauti yake. Vyombo vilikuwa vichache, lakini vidole vilikuwa vimezoea kazi.

Kwa yule wa kupanga picha na maandishi: aulize mteja maneno yote kwa maandishi, asiyachukue kwa mdomo. Akimaliza, watu wawili wasome, na mmoja wao awe mtu asiyejua kazi ile. Tarehe, saa, majina na namba za telefone zisomwe kwa sauti, moja moja. Kisha mteja aandike «nimekubali» mbele ya kupiga chapa. Neno hilo moja lingeniokolea mabati yangu. Tena, picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa, na kwenye karatasi inatoka na ukungu. Itumwe kama dokima. Kwa karatasi, picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi. Rangi nazo zinadanganya: kijani kinachong'aa kwenye telefone kinafifia kwenye karatasi, kwa kuwa telefone inatoa mwangaza na karatasi inapakwa wino. Kwa hiyo tunalipa kwanza karatasi moja ya kujaribu, tunaiangalia nje kwenye jua. Na maandishi yawe makubwa: bibi wa miaka sabini naye anaalikwa.

Kwa yule wa muziki: chumba kitupu kinarudisha sauti kama kisima. Mdogo wangu anasimamisha godoro ukutani na kutundika mablanketi nyuma ya mwimbaji. Tulijaribu usiku mmoja bila godoro na usiku mwingine na godoro, hata mimi nilisikia tofauti. Wakati wa kurekodi, sauti isifike juu kabisa kwenye kipimo, kwa kuwa ikikwaruza, hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Kazi yenyewe itunzwe kwa WAV, na MP3 iwe ya kutumia watu tu. Wimbo ukiisha, ausikilize pia kwenye telefone ndogo, kwenye redio ya jirani na ndani ya taxi-bisi, si kwa kaske peke yake. Ndiko watu watakakousikia.

Juu ya masikio, hapa nimekuwa mkali. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya kaske isipite asilimia 60 ya nguvu yake. Masikio yakiharibika kwa kelele hayaponi. Basi kila saa anavua kaske, anatoka nje, ananiletea maji.

Umeme kwetu unaenda na kurudi unavyotaka. Kazi ihifadhiwe kila dakika kumi. Jioni, nakala moja ibaki ndani ya mashini na nyingine iwekwe kwenye kle, na kle ilale chumba kingine. Mwizi akichukua mashini, asichukue na mwaka mzima wa kazi.

Feza nayo ina adabu yake. Nusu ilipwe mbele ya kuanza, nusu wakati wa kupokea. Hata kwa ndugu. Hata kwa watu wa kanisa. Daftari liwepo: jina, kazi, bei, kilicholipwa. Vijana wakitunga wimbo pamoja, waandike siku ile ile nani alifanya nini na kila mtu atapata sehemu gani, kisha watie sahihi. Hapa Kongo sheria ya haki za watunzi ipo tangu 1986. Inamlinda mtoto wako, na inamlinda pia yule ambaye mtoto wako anataka kuchukua muziki wake au picha yake bila kuuliza.

Neno la mwisho ni juu ya mabinti. Binti asiende studio usiku, wala peke yake. Aende mchana pamoja na mwenzake, nasi tujue mlango ni upi na mwenye studio ni nani. Mtu akimwambia kwamba kazi yake itasikika kama atakubali jambo lingine, arudi nyumbani mara moja, asiogope kutuambia. Lakini hilo la kutuambia linaanza mbali. Mtoto aliyefukuzwa jikoni alipoleta tarehe ya arusi, ataleta vipi neno zito kama hilo?

Siku ya posho iliyopita binti yangu alinifuata tena jikoni. Ilikuwa kadi ya ubatizo, na aliyemwagiza ni mama yule yule wa katoni. Nilitoa sufuria motoni, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikasoma kwa sauti. Tarehe ilikuwa sawa. Saa ilikuwa sawa. Jina la baba wa ubatizo lilikosa herufi moja.

Akaisahihisha pale pale, amesimama karibu na mbabula. Kisha nikarudisha sufuria.